Cole Field House: Ngazi Ambayo Haikuletwa

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, timu inayotwaa ubingwa hukata nyavu. Ngazi huletwa chini ya kikapu, wachezaji hupanda mmoja mmoja na mkasi, na kila mtu huondoka na kipande chake cha uzi. Usiku wa Jumamosi, 19 Machi 1966, katika ukumbi wa Cole Field House wa Chuo Kikuu cha Maryland, mabingwa walikuwa vijana wa Texas Western, chuo cha El Paso kilicho mpakani kabisa na Meksiko. Wachezaji wenyewe wamesimulia tangu hapo kwamba ngazi haikuletwa. Wenzake wakamnyanyua Willie Worsley, aliyekuwa mfupi kuliko wote, hadi akaufikia wavu na kuukata.

Usiku ule husimuliwa leo kwa fahari kubwa, na ukumbi ulimotokea hupewa sifa kana kwamba kuta zake zilishika upande wa haki. Hazikushika. Mechi ile ilichezwa na wageni kutoka Texas na Kentucky, na Maryland ilikuwa mwenye nyumba tu. Swali ninalolichambua hapa ni hili: chuo kikuu kina haki ya kujivunia nini katika ukumbi wake, pale ambapo jambo kubwa kuliko yote lililotokea ndani yake halikufanywa na watu wake? Nadhani Maryland ina jibu zuri. Tatizo ni kwamba jibu hilo lilikaa zaidi ya miaka 50 bila kuandikwa ukutani.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa tarehe 2 Desemba 1955 mjini College Park, pembezoni mwa Washington. Gharama ya ujenzi ilikuwa takriban dola milioni 3.3, na paa lake lilikuwa tao moja pana lisilo na nguzo katikati, hivyo aliyekaa popote aliuona uwanja mzima. Ulianza na nafasi za watu wapatao 12,000, na baadaye hesabu ikafika 14,596. Katika karatasi rasmi uliitwa Jengo la Shughuli za Wanafunzi la William P. Cole Jr., kwa heshima ya mbunge wa zamani aliyekuwa jaji na mwenyekiti wa bodi ya chuo. Watu walifupisha: Cole. Siku hiyo ya kwanza Maryland waliwafunga Virginia 67–55.

Sasa tuangalie chuo kilichojenga ukumbi huo. Kwa miongo mingi Maryland haikuwapokea Weusi. Waliotaka kusoma walielekezwa Princess Anne, tawi dogo ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, lenye vifaa vichache na fedha chache. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mahakama. Mwaka 1935 wakili kijana wa Baltimore, Thurgood Marshall, akiwa pamoja na mwalimu wake Charles Houston, alikishtaki chuo kwa niaba ya Donald Murray aliyekataliwa katika kitivo cha sheria. Wakashinda, na mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikathibitisha ushindi huo. Ni Marshall huyuhuyu aliyekwenda London mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, akaandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba yao. Kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Mombasa asidhani kesi hii ya Maryland iko mbali naye sana.

Pamoja na hukumu hiyo, kampasi ya College Park haikumpokea mwanafunzi Mweusi wa shahada ya kwanza hadi mwaka 1951, alipoingia Hiram Whittle. Rais wa chuo kwa karibu miaka 20, Harry Byrd, alikuwa mtetezi wa utengano wa rangi. Aliondoka 1954 kwenda kugombea ugavana, akashindwa. Ukumbi ulifunguliwa mwaka uliofuata. Kwenye uwanja wake mpya waliingia wachezaji Weupe watupu, na ligi waliyochezea, ile ya vyuo vya pwani ya Atlantiki iitwayo ACC, nayo ilikuwa ya Weupe watupu.

Mtu wa kwanza kuuvunja ukuta huo katika ACC hakuwa mchezaji wa kikapu. Alikuwa Darryl Hill, kijana wa Washington aliyehama kutoka Chuo cha Jeshi la Majini na kuichezea Maryland futiboli ya Kimarekani mwaka 1963. Kocha msaidizi Lee Corso ndiye aliyemshawishi aje. Hill alijua anachoingia. Katika viwanja vya Kusini alizomewa, na kwenye mechi ya Clemson, Carolina Kusini, mama yake aliyesafiri kumtazama alikataliwa kuingia uwanjani. Rais wa Clemson, Robert Edwards, alipopata habari alimchukua mama huyo akamkalisha katika sehemu yake mwenyewe. Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara kinachonikaa moyoni ni yule mama kuliko rais. Alisafiri kwenda kumwona mwanawe akicheza, akajikuta amesimama nje ya lango.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya Billy Jones wa Towson, jimbo hilohilo la Maryland. Siku hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo, kwa hiyo ingawa Jones aliingia chuoni mapema, jina lake lilisomwa kwenye kikosi cha kocha Bud Millikan mwezi Desemba 1965. Ndiye mchezaji Mweusi wa kwanza wa kikapu katika ACC nzima. Alikuja na mwenzake Pete Johnson, aliyesubiri msimu mmoja zaidi kabla ya kucheza. Katika timu hiyo alikuwemo pia mlinzi mdogo wa mwili na mkali wa maneno, Gary Williams. Tutamrudia.

Naomba msomaji azishike tarehe hizi mbili. Jones alianza kucheza Cole Desemba 1965. Texas Western walikata nyavu Cole Machi 1966. Kati yao haikupita hata miezi minne, na sakafu ilikuwa ileile. Dunia inakumbuka ya pili. Ya kwanza inakumbukwa na wachache, nami naamini ndiyo iliyokigharimu chuo chenyewe kitu fulani.

Hata kabla ya hapo ukumbi ulikuwa umeshaonja umaarufu, tena kwa mechi ya sekondari. Tarehe 30 Januari 1965 shule ya DeMatha, jirani wa chuo huko Hyattsville, iliikaribisha Power Memorial ya New York iliyokuwa imeshinda mechi 71 mfululizo. Nyota wao aliitwa Lew Alcindor, ambaye dunia ingemjua baadaye kama Kareem Abdul-Jabbar. Kocha wa DeMatha, Morgan Wootten, aliwafanyisha vijana wake mazoezi mbele ya mchezaji aliyenyanyua raketi ya tenisi juu ya kichwa, ili wazoee kutupa mpira juu ya mkono mrefu kama wa Alcindor. Maelfu walijaa. DeMatha wakashinda 46–43. Wazee wa eneo la Washington bado wanaisimulia mechi hiyo kama watu wanavyosimulia harusi kubwa ya kijiji.

Turudi 1966. Kentucky, walioshika nafasi ya kwanza nchini, walifundishwa na Adolph Rupp, bingwa mara nne, na kikosi chake chote kilikuwa cha Weupe. Ligi yao ya vyuo vya kusini-mashariki, SEC, haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja wa kikapu katika timu kubwa. Wa kwanza, Perry Wallace wa Vanderbilt, angecheza mwishoni mwa 1967. Rupp mwenyewe angekuwa na wa kwanza, Tom Payne, msimu wa 1970. Upande wa pili, Don Haskins wa Texas Western aliwaanzisha Weusi watano: Bobby Joe Hill, Orsten Artis, Willie Worsley, David Lattin na Harry Flournoy. Walioingia baadaye, Nevil Shed na Willie Cager, nao walikuwa Weusi. Hakuna timu iliyowahi kuanza fainali hiyo na watano Weusi. Chicago Loyola walikuwa wamefika na wanne mwaka 1963.

Dakika za mwanzo Lattin aliruka juu ya Pat Riley wa Kentucky akausindilia mpira kikapuni kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Baadaye kidogo Bobby Joe Hill aliupora mpira mikononi mwa walinzi wa Kentucky mara mbili mfululizo, mara zote mbili akakimbia peke yake na kufunga. Kuanzia hapo Kentucky walikuwa wanakimbiza. Matokeo yalikuwa 72–65 mbele ya watazamaji 14,253.

Takwimu za mechi hiyo zinastahili kusomwa polepole. Kentucky waliingiza vikapu vingi zaidi wakati mchezo ukiendelea, 27 kwa 22. Texas Western walishinda kwa mitupo ya adhabu: 28 kati ya 34, wakati Kentucky walipata 11 kati ya 13. Siku zile ilikuwa kawaida kuambiwa kwamba wachezaji Weusi wana miguu na mikono tu, kwamba bila Mweupe wa kuwaongoza wangepoteza utulivu. Mtupo wa adhabu ndio mtihani wa utulivu. Unasimama peke yako, mpira mkononi, ukumbi mzima unakupigia kelele, na hakuna wa kukukaba isipokuwa moyo wako. Vijana hawa waliufaulu mara 28, mbele ya jukwaa ambalo baadhi ya mashabiki wake walipeperusha bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa.

Haskins alisema maisha yake yote kwamba aliwachezesha watano wake bora, basi. Namwamini. Sioni kwamba hilo linapunguza thamani ya jambo. Kwa wakati ule, kumpanga mtu kwa uwezo wake tu kulihitaji kocha asiyejali barua za matusi, na barua hizo zilimjia.

Maryland ilichangia nini usiku ule? Sakafu, taa na viti. Chama cha michezo ya vyuo kilipanga nusu fainali na fainali zifanyike pale, kama kilivyofanya tena mwaka 1970, UCLA walipowafunga Jacksonville 80–69. Kuna vyuo ambavyo vingeridhika kuishi kwa jina hilo la kukodi. Ndiyo maana nasisitiza zile tarehe mbili. Kama wenyeji wasingemwingiza Jones kwenye sakafu hiyo miezi mitatu na ushei kabla, fainali ya 1966 ingekuwa aibu yao, kwa sababu wageni wangekuwa wamefanya nyumbani kwao kile ambacho wao walikikataa.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa ya neema. Kocha Lefty Driesell aliyefika 1969 aliujaza ukumbi na kuufanya uogopwe. Aprili 1972 waliingia wachezaji wa ping-pong wa China, wakiongozwa na Zhuang Zedong, katika ziara iliyolainisha uhusiano wa mataifa mawili yaliyokuwa hayasemezani kwa zaidi ya miaka 20. Binti wa Rais Nixon alikuwa miongoni mwa watazamaji. Ilikuwa nusu mwaka tu tangu Beijing ipewe kiti chake Umoja wa Mataifa, kura ambayo Salim Ahmed Salim wa Tanzania aliipigania na kuishangilia waziwazi. Tarehe 26 Januari 1975 ukumbi uliandaa mechi ya kwanza ya kikapu ya wanawake wa vyuo kuonyeshwa na televisheni nchi nzima, Immaculata wakiwafunga wenyeji 80–48. Elvis Presley naye aliimba hapo, usiku mbili za Septemba 1974.

Kisha ukaja Juni 1986.

Len Bias, nyota wa kikapu wa Maryland, alikulia Landover, mwendo mfupi kwa gari kutoka chuoni. Wengi waliomwona akicheza wanasema ndiye pekee aliyeweza kusimama na Michael Jordan. Tarehe 17 Juni 1986 Boston Celtics, timu ya kulipwa, walimchagua wa pili kati ya wachezaji wote waliowaniwa mwaka huo. Asubuhi ya tarehe 19 alikuwa amekufa katika bweni la chuo, kwa kokeini. Siku chache baadaye maelfu waliingia Cole kumuaga, kwenye viti vilevile walivyosimama juu yake kumshangilia. Driesell alijiuzulu kabla mwaka haujaisha.

Kifo hicho kilitoka nje ya ukumbi na kuingia bungeni. Oktoba 1986 Marekani ilipitisha sheria iliyoweka kifungo cha lazima cha miaka mitano kwa anayekamatwa akiuza gramu 5 za kokeini ya mawe, ile iitwayo krak, wakati kwa kokeini ya unga kifungo hicho kilihitaji gramu 500. Waliokamatwa na krak walikuwa kwa wingi Weusi maskini. Uwiano huo wa mia kwa moja haukupunguzwa hadi 2010. Na kokeini iliyomuua Bias ilikuwa ya unga. Vijana wengi wa mitaa iliyofanana na aliyokulia walifungwa kwa jina la kulipiza kifo chake. Hili ndilo jambo zito kuliko yote yaliyoanzia kwenye kampasi hiyo, na ndilo husimuliwa kwa haraka zaidi.

Chuo kiliyumba kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1989 kikamrudisha nyumbani yule mlinzi wa enzi za Billy Jones. Gary Williams alijenga timu taratibu, kwa wachezaji ambao wengi hawakuwaniwa na vyuo vikubwa, kama Juan Dixon wa Baltimore. Mechi ya mwisho ndani ya Cole ilichezwa 3 Machi 2002, tena dhidi ya Virginia, wale waliofungua nao ukumbi, na Maryland wakashinda 112–92. Mwezi uliofuata, tarehe 1 Aprili, kikosi hichohicho kikatwaa ubingwa wa taifa mjini Atlanta kwa kuifunga Indiana 64–52. Ni ubingwa pekee wa kikapu cha wanaume ambao chuo hicho kimepata, na uliletwa na timu iliyofanya mazoezi yake chini ya lile tao la zamani.

Kuhama silaumu. Ukumbi mpya ulikuwa na viti 17,950 na nafasi ya kuuza ambayo Cole haikuwa nayo, jina likiwa la kwanza: kampuni ya Comcast ililipa dola milioni 25 jina lake likae mlangoni. Ninacholaumu ni kwamba baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, ukumbi wa zamani ulibaki kama nyumba ya babu ambayo hakuna mrithi anayetaka kuiuza wala kuikarabati.

Uamuzi ulikuja 2014. Kevin Plank, mwanafunzi wa zamani aliyeanzisha kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour, aliahidi dola milioni 25, na mpango wa takriban dola milioni 155 ukatangazwa: paa libaki, ndani kung'olewe, na pale palipokuwa na sakafu ya mbao pawekwe uwanja kamili wa mazoezi ya futiboli, pamoja na kituo cha tiba na utafiti wa michezo. Ujenzi ulianza mwishoni mwa 2015. Mwaka huohuo bodi iliondoa jina la Harry Byrd kwenye uwanja mkubwa wa futiboli ulio jirani. Uwanja wa ndani ulianza kutumika 2017.

Nilipata wakati mgumu kuukubali mpango huu. Nyasi bandia zimefunika mahali Lattin aliporuka. Lakini kuhifadhi ukumbi mtupu wenye viti vya watu elfu kumi na nne bila watu nako si kuheshimu chochote, na jengo lililobomolewa kabisa lisingebakiza hata tao.

Jambo moja haliwezi kurukwa. Mwezi Mei 2018, wakati kituo cha tiba ya michezo kikiwa sehemu ya mradi huo, mchezaji wa futiboli Jordan McNair, miaka 19, alizidiwa na joto kwenye mazoezi ya nje. Hakuwekwa haraka kwenye maji baridi, jambo ambalo kila mtaalamu wa michezo analijua. Alifariki Juni 13. Rais wa chuo, Wallace Loh, alisimama mbele ya umma na kusema chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Umbali kutoka kwa Bias hadi McNair ni miaka 32, na katika yote mawili kijana Mweusi aliyeletwa chuoni kwa kipaji chake alirudishwa kwa wazazi akiwa maiti. Visa ni tofauti kabisa. Wazazi ni walewale: watu waliomkabidhi mtoto kwa chuo.

Mwaka 2021 jengo likapata jina jipya: Jones-Hill House. Billy Jones na Darryl Hill. Hapo ndipo naona Maryland ilijibu lile swali la mwanzo kwa usahihi. Ingekuwa rahisi kulipa jengo jina linalohusu fainali ya 1966. Umaarufu upo tayari, na hakuna ambaye angepinga. Badala yake wakachukua majina ya wawili waliovaa jezi yao wenyewe, waliozomewa wakiwa wameivaa, na ambao kuwasajili kulikilazimu chuo kusimama mbele ya vyuo vya Kusini vilivyotishia kujitoa kwenye ligi. Hilo ni lao. Walichelewa kulisema, na wamelisema.

Bado kitu kimoja ningekiomba. Chini ya nyasi zile, upande ule ambako kikapu kilisimama, ipo sehemu ambapo vijana wa El Paso walimnyanyua mwenzao kwa mikono. Waliopima uwanja wa sasa wanaweza kuipata kwa futi kamba. Waweke hapo ngazi ya chuma, ya ukubwa wa kawaida, iliyofungwa sakafuni.